Meli Nisiyoipanda

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Wete, Pemba. Yanachapishwa hapa kwa ombi la wanafunzi wa Kidato cha Nne.)



Kwanza sina budi kuishukuru Kamati kwa heshima hii iliyonipa. Miaka iliyopita jukwaa hili limepandwa na madaktari, wahandisi na mabwana kilimo, na kila mmoja wao alituhadithia vipi alivyofika hapo alipofika. Katibu aliponijia nyumbani kuniomba nizungumze, nilimwambia kwamba mimi ni karani mstaafu tu, na kwamba safari yangu kubwa kuliko zote ni ile niliyorudishwa njiani. Akanijibu, "Basi hiyo hiyo tuhadithie." Nimekubali kwa sababu naona waliofika wana wasemaji wengi, na sisi tuliorudishwa hatuna hata mmoja.

Nitaanza mbali kidogo, mnistahamilie.

Mimi nilizaliwa hapa Wete mwaka 1955. Nilikuwa na kaka yangu kwa baba, amenizidi miaka minane. Jioni tulikuwa tukishuka bandarini kutazama majahazi na meli ya Serikali inayotoka Unguja, ikipakia karafuu na abiria. Wakubwa wenzangu mliopo hapa mnaijua harufu ya bandari ile wakati wa msimu, na mnajua abiria walivyokuwa wakipanda: huyu ana kuku, huyu ana kikapu cha machungwa, huyu anampeleka mgonjwa hospitali, huyu anakwenda kuzika. Kaka alikuwa akisema, "Ipo siku mimi na wewe tutapanda meli bila ya shida yoyote. Si ugonjwa, si maiti, si biashara. Tutapanda kwa raha zetu." Tukaahidiana. Ilikuwa ahadi ya watoto, lakini ahadi ni ahadi.

Mwaka 1968 kaka aliondoka usiku kwa dau kwenda upande wa Kenya. Siku hizo kutoka nchini bila ya ruhusa lilikuwa jambo la hatari, na hakumuaga mtu isipokuwa mama yake. Alikaa Mombasa miaka miwili na kitu akifanya kazi ya upagazi. Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos alishika utawala wa Oman, akawaita nyumbani watu wenye asili ya huko waliotawanyika ng'ambo. Mama yake kaka alikuwa na watu wake Oman, naye akawafuata. Akapata makaazi, akapata kazi, na baadaye akapata uraia. Toka usiku ule wa 1968 mpaka mwaka 2019 tulionana mara mbili tu: mwaka 1993 alipokuja matangani kwa baba yetu, na mwaka 2007 alipokuja kuoza.

Sasa, mwishoni mwa mwaka 2018 aliniletea salamu ya sauti kwenye simu. Ninayo mpaka leo. Alisema, "Mdogo wangu, mimi sasa mtu mzima na moyo wangu haufanyi kazi sawasawa. Meli ile tuliyoahidiana imepatikana. Usiniambie una shughuli, kwa sababu umeshastaafu."

Huenda vijana hamjui meli hizo ni za namna gani. Ni meli za matembezi. Hazichukui mzigo, wala hazichukui mtu mwenye haja ya kwenda mahali. Wakati wa baridi ya Ghuba, kuanzia Novemba hadi Machi, huja Dubai, zikachukua watu waliolipa nauli, zikawazungusha Muscat, Khasab, Abu Dhabi, kisha zikawarudisha pale pale walipopandia. Mke wangu alipoelezwa aliuliza, "Sasa hao wanakwenda wapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo.

Kaka alilipa nauli ya watu watatu: yeye, shemeji yangu na mimi. Mpango ulikuwa mwepesi. Niende Muscat kwa ndege, nipumzike kwa kaka siku nne, kisha mwanawe atupeleke Dubai kwa gari, mwendo wa kiasi cha kilomita 450, tukapande meli jioni.

Nduguzanguni, hapa ndipo karani alipojikwaa, na naomba vijana msikilize vizuri.

Katikati ya Disemba 2018 nilimpelekea mwanangu yule, mtoto wa kaka, picha ya paspoti yangu. Kwa picha ile akaniombea viza ya kuingia Dubai, ikatoka kabla ya mwaka kwisha. Paspoti yangu ilikuwa inakwisha Julai 2019. Mtu mmoja mwenye uzoefu akanieleza kwamba nchi nyingi zinataka paspoti iwe imebakisha si chini ya miezi sita siku unapoingia, na kwamba mimi nikisafiri Februari nitakuwa nimebakiwa na mitano. Akanishauri nichukue paspoti mpya ya kielektroniki, ambayo ilizinduliwa hapa nchini Januari 2018. Ushauri ulikuwa mzuri. Nikaenda, nikalipa, nikapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na mwezi wa Januari nikapata paspoti mpya. Nikampelekea mwanangu picha ya pili, akaniombea viza ya Oman kwa paspoti hiyo.

Nilichosahau kumwambia ni kwamba ile viza ya mwanzo ilikuwa imeandikwa nambari ya paspoti ya zamani. Yeye alidhani nimekwisha kuangalia. Mimi nilidhani yeye amekwisha kubadilisha. Nilikuwa karani miaka 31, na kwa miaka 31 nimewarudisha watu dirishani kwangu nikiwaambia, "Nenda kalete na ile ya mwanzo." Yangu mwenyewe niliikunja nikaitia mfukoni bila ya kuisoma.

Tulitoka Muscat alfajiri. Njia ile inapita pwani ya Batina, mitende mkono huu na bahari mkono huu, mpaka Sohar, tukasimama kunywa chai ya maziwa. Kaka alikuwa na furaha kama mtoto. Amevaa kanzu mpya, na miguuni kavaa viatu vya raba vyeupe alivyonunuliwa na wajukuu kwa ajili ya kutembelea juu ya meli.

Tulipofika mpakani tulipita kwanza kituo cha Oman, nikagongewa muhuri wa kutoka. Tukaendelea kilomita chache baina ya milima mikavu hadi kituo cha nchi ya pili. Kaka, shemeji na kijana walitoa vitambulisho vyao tu, kwani raia wa nchi za Ghuba huvuka kwa vitambulisho baina yao. Mimi nikatoa paspoti na karatasi ya viza. Yule afisa akapiga nambari kwenye mashine yake, akatazama, akapiga tena. Akamwita mwenziwe. Kisha akasema kwa adabu kwamba viza hii si ya paspoti hii. Akauliza paspoti ya zamani iko wapi.

Iko Wete, ndani ya kasha. Wahenga wamesema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbachao wangu niliuacha kwenye kasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Sikutukanwa wala sikusukumwa. Niliambiwa tu kwamba mashine haiwezi kuniingiza, kwamba hapana budi viza iombwe upya, na kwamba pengine itachukua siku kadhaa. Meli ilikuwa inang'oa nanga jioni ile ile. Siwalaumu. Lau ningekuwa mimi nimekaa pale, ningesema maneno hayo hayo, na pengine kwa adabu ndogo zaidi.

Tukakaa kwenye viti vya plastiki, hakuna mtu anayesema. Kisha kaka akasema, "Turudini sote." Nikakataa. Nauli ilikuwa imekwisha kulipwa na hairudi, shemeji alikuwa ameandaa safari ile miezi mitatu, na mimi sikutaka kuwa sababu ya kuwaharibia. Nikamwambia, "Kaka, nenda. Meli yenyewe si itapita Muscat siku ya tatu? Nitakusubiri bandarini." Alinitazama kwa muda, akasema, "Mwaka 68 nilikuacha, na leo nakuacha tena." Nikamwambia asiseme hivyo. Lakini alikuwa amekwisha sema.

Kijana akanirudisha kwa gari hadi kituo cha Oman. Hapo tena pana fundisho. Viza yangu ya Oman ilikuwa ya kuingia mara moja. Niliingia nayo kwa ndege, na asubuhi ile nikagongewa muhuri wa kutoka, kwa hivyo kwa hesabu ya karatasi ilikuwa imekwisha kazi yake. Huko mbele sikukubaliwa na huku nyuma nimekwisha kutoka. Kijana alikuwa lazima awarudie wazee wake, nami nikakaa nje ya kile kituo na begi langu kusubiri niamuliwe. Nilikaa kiasi cha saa mbili. Kwa saa mbili zile mimi sikuwa katika nchi yoyote.

Nataka niwaeleze nilichokuwa nikikifikiri katika saa zile, kwa sababu ndicho hasa kilichonifanya nikubali kusimama hapa leo.

Nilifikiri habari za Wapemba wa dago. Nyote mnajua kwamba wavuvi wa kisiwa hiki, toka enzi na enzi, wakifuata samaki na pepo, huvuka mkondo wa Pemba, kiasi cha kilomita 50, wakapiga dago pwani ya Kenya: Vanga, Shimoni, Gazi, mpaka Kilifi na zaidi. Babu zetu hawakuwa wakivuka mpaka. Ukanda ule wa pwani, wa maili kumi, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar ijapokuwa ulitawaliwa na Waingereza, mpaka yalipofanywa mapatano ya Oktoba 1963, na Kenya ikapata uhuru wake tarehe 12 Disemba mwaka huo, siku mbili baada ya Zanzibar kupata wake. Mwaka 1976 Tanzania na Kenya zikakamilisha mapatano ya mpaka wa baharini, na mstari ukapita baina ya kisiwa chetu na pwani ile. Samaki hawakuarifiwa, na wavuvi wengi pia hawakuarifiwa.

Mwaka uliofuata, Februari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Ulifungwa mpaka Novemba 1983, zaidi ya miaka sita. Walioolewa Mombasa hawakuweza kuja kuzika, na waliopo hapa hawakuweza kwenda kuoza. Wapo humu ukumbini wanaokumbuka. Leo, alhamdulillahi, Jumuiya mpya ipo toka mwaka 2000, na Mtanzania haombi viza kwenda Kenya.

Lakini wale waliopiga dago zamani na wakabaki, wakaoa na kuzaa, watoto wao na wajukuu wao waliishi Kenya bila ya kuhesabiwa kuwa Wakenya. Na huku kwetu nako hawakuwa na cheti wala jina katika daftari. Wamo katika hao jamaa zangu mimi, wajukuu wa ami yake baba, walioko upande wa Kilifi. Mtu asiye na kitambulisho cha taifa kule hawezi kusajili simu kwa jina lake, hawezi kufungua hesabu benki, hawezi kupata leseni ya kuvulia. Akenda baharini huvua kwa wasiwasi, akiona boti ya doria hukimbia. Hii si habari ya saa mbili, ni habari ya watu kuzaliwa, kuzeeka na kufa hawamo katika nchi yoyote. Mwaka 2023, baada ya kudai kwa muda mrefu, Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wapemba kuwa ni moja katika jamii za Kenya, kama ilivyowatambua Wamakonde na Washona kabla yao, na Julai mwaka huo wakaanza kukabidhiwa vitambulisho. Jamaa yangu mmoja aliniletea picha ya kitambulisho chake siku hiyo. Mtu wa miaka 58, anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana.

Na nilifikiri jambo jengine. Mwaka 2001, baada ya siku zile za mwisho wa Januari ambazo sina haja ya kuzieleza mbele ya watu wa kisiwa hiki, watu zaidi ya 2,000 walivuka mkondo ule ule kwa madau na ngarawa, wakapokelewa Shimoni. Hawakuwa na paspoti wala viza. Mwenye kuwapokea hakuuliza nambari. Kwa hivyo, vijana, msiondoke hapa mkidhani kwamba mpaka ni kitu kibaya tu. Mpaka ni mlango, na mlango una mwenyewe. Siku nyengine humfungia mtu mwenye karatasi tatu mfukoni, na siku nyengine humfungulia mtu asiye na hata kiatu.

Nirudi mpakani. Baada ya zile saa mbili alinijia afisa kijana wa Oman, ameshika paspoti yangu. Akaniambia kwa Kiswahili safi, "Mzee, shikamoo. Wewe wa Pemba?" Nikashtuka. Nikasema, "Marahaba, mwanangu. Wa Pemba." Akauliza, "Pemba wapi?" Nikamwambia Wete. Akasema, "Bibi yangu mzaa mama kazaliwa Mtambwe. Kiswahili hiki kanifundisha yeye." Akanieleza kwamba kwa kuwa sikuingia nchi ya pili, wao huufuta ule muhuri wa kutoka, na viza yangu itaendelea kama kwamba sikutoka. Akaufuta, akanipa maji baridi, akanitafutia gari ya mtu anayekwenda Sohar. Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yake.

Siku ya tatu niliamka na adhana ya mwanzo nikenda Mutrah, nikakaa kwenye ukuta wa pwani. Jua lilipochomoza meli ikaingia. Sijapata kuona chombo kikubwa kama kile. Ghorofa kumi na kitu, nyeupe, kama mtaa mzima umewekwa juu ya maji. Watu walioko juu walikuwa wadogo kama sisimizi, wakipiga picha milima. Nikawa natafuta kanzu.

Alishuka saa tatu asubuhi. Amechukua machungwa mawili aliyoyatoa kwenye meza ya chakula, kayafunga kwenye kitambaa cha karatasi. Akanipa moja akasema, "Hili ndilo la kwenye meli. Kula, ili isiwe hukupanda kabisa." Tukalila pale pale pwani. Tukatembea sokoni, tukaswali adhuhuri, tukala wali na samaki, tukazungumza habari za Wete, nani yuhai na nani katangulia. Saa kumi na moja akarudi melini, kwa sababu shemeji na mizigo walikuwemo. Nilisimama mpaka taa za meli zikapotea. Alipomaliza safari yake na kurudi nyumbani, mimi nilikuwa nimebakiwa na siku mbili tu kabla ya ndege yangu.

Kaka yangu alifariki Machi 2021. Ulikuwa wakati wa maradhi ya Uviko, na Oman ilikuwa imezuia wasafiri wanaotoka nchi kadhaa, yetu ikiwa mojawapo. Sikuweza kwenda kumzika. Ule mpaka wa 2021 haukuwa na dawa. Hata ningekuwa na karatasi za dunia nzima nisingepita. Lakini ule wa 2019 dawa yake ilikuwa picha moja ya simu, ambayo hainichukui hata dakika kuituma. Tungekaa pamoja siku saba. Tulikaa saa nane. Hesabu hiyo huifanya kila nikilala.

Sasa, kwa ruhusa yenu, niseme na hawa vijana mambo machache, kwa sababu majuto ni mjukuu na mimi tayari nimeshakuwa babu.

La kwanza. Viza haipewi uso wako, hupewa nambari ya paspoti yako. Ukibadilisha paspoti, usidhani viza inakufuata. Uliza. Na ukisafiri chukua na paspoti ya zamani ijapokuwa imekatwa pembe.

La pili. Hesabu miezi ya paspoti yako kwa siku utakayoingia na siku utakayotoka, si kwa siku unayoomba viza. Ikiwa itapungua miezi sita, ibadilishe kabla hujaomba chochote. Mimi niliibadilisha baada ya kuomba. Nilifanya mambo mawili yote sawa, lakini nikayapanga kinyume.

La tatu. Viza ya kuingia mara moja inakufa pale unapotoka. Mwenye kusafiri kwa meli ya kuzunguka, au kwa gari baina ya nchi mbili, lazima ajue kwamba kila bandari ni nchi na kila nchi ina mlango wake.

La nne. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huhesabiwa kuwa inafanya kazi baada ya siku 10, kwa hivyo mwenye kuchanja jioni ya kusafiri hajafanya kitu. Na toka Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, kadi hiyo ni ya umri wote, haimaliziki kwa miaka kumi kama zamani. Itunzeni.

La tano. Viza si haki ya kuingia. Ni ruhusa ya kufika mlangoni ukabisha hodi. Neno la mwisho ni la afisa aliyekaa pale, naye mjibuni kwa adabu na kwa ukweli, hata kama moyo unawaka.

Na la mwisho ni kubwa kuliko yote, na linaanzia hapa hapa skuli: majina yenu. Hapa kwetu mtoto huitwa Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa, Hamisi kwenye daftari la mahudhurio, na kwenye fomu ya mtihani mwalimu mwenye haraka akaandika Hamis. Mwengine anaandika majina matatu huku na mawili kule. Mwengine ni Asha nyumbani na Aisha kwenye cheti. Mnaona ni jambo dogo. Lakini jina mnalolijaza kwenye fomu ya Kidato cha Nne ndilo litakaloingia kwenye cheti cha Baraza la Mitihani, na cheti hicho kitawekwa siku moja juu ya meza pamoja na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na cheti cha kuzaliwa, na mtu asiyekujua atavitazama vyote vitatu aone kama ni mtu mmoja au watu watatu. Wapo Wapemba wenzetu ng'ambo ya mkondo waliongoja maisha yao yote ili wapate kuandikwa majina mara moja tu. Wewe unaandikwa bure, kisha unajiandika vibaya!

Kwa hivyo, Mwalimu Mkuu, mimi sina fedha za kuichangia skuli kama walivyochangia wenzangu walionitangulia hapa. Nina miwani na nina wakati. Natoa ahadi kwamba kila mwaka, kabla ya fomu za mtihani kupelekwa, nitakuja nikae kwenye darasa moja kwa wiki nzima. Kila mwanafunzi aje na cheti chake cha kuzaliwa na fomu yake, nami nitasoma herufi kwa herufi. Asiye na cheti aje vile vile, tutakwenda pamoja kwa sheha wake tuanze kukitafuta. Kazi hiyo naijua. Ndiyo niliyowafanyia watu miaka 31, na ndiyo niliyoshindwa kujifanyia mwenyewe siku moja.

 Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awafungulie vijana wetu milango ya kheri, na awape wakati wa kusoma karatasi zao kabla hawajafika mlangoni.